Umeme wa bure na ugomvi wa mstari

Katika wiki hizi tatu vikundi viwili vimetuletea swali moja. Vyote viwili vilipata plaki za sola, vikaweka batri na ralonji katika nyumba ya mikutano, vikatangaza mtaani kwamba mwenye simu aje aichaji bila kulipa. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa shukrani. Mwezi wa pili ulikuwa wa matusi. Kikundi kimoja kimefunga mlango kwa muda. Kingine kinauliza kama ni aibu kuanza kuomba franka kidogo kwa kitu ambacho watu walikwisha kuambiwa ni cha bure.

Swali hilo si dogo. Katika Kongo yetu, ni kama mtu mmoja tu kati ya watano anayefikiwa na umeme, na hata huyo mmoja anajua maana ya delestaji. Simu ikizimika, mama hapokei pesa aliyotumiwa na mwanawe, hajui kama dada yake amejifungua salama, wala hawezi kumwita mtu usiku mtoto akipandisha homa. Kituo cha kuchaji kikifungwa anarudi kulipa kibandani kila siku mbili. Kikiachwa wazi bila utaratibu, wanaofaidi ni wale wenye muda mwingi na sauti kubwa.

Basi tumeona heri kuangalia mahali ambapo watu wamegombania umeme wa bure kwa miaka mingi, tena watu wenye mali: nchi ya Norwei, huko kaskazini mwa Ulaya. Wao hawagombanii simu. Wanagombania magari. Wengi wetu tuna ndugu na watoto waliopelekwa huko kama wakimbizi, na habari za mistari hiyo zinatufikia kwenye WhatsApp.

Kwanza tuelewe gari lenyewe. Gari la umeme halina tangi la esensi. Chini ya sakafu yake kuna batri kubwa, nzito, inayojazwa kwa waya kama simu inavyojazwa. Batri ya gari la kawaida inaweza kubeba kilowati-saa 60 hivi. Huo ni umeme wa kujaza simu kubwa zaidi ya elfu mbili. Ukiunganisha gari hilo na mashine ndogo ya barabarani, ya kilowati 7, litakaa saa nane na zaidi kabla ya kujaa. Kwenye mashine za zamani zenye nusu ya nguvu hiyo, hata usiku mzima hautoshi. Ziko mashine kubwa, za kilowati 150 au zaidi, zinazofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa nusu saa hivi, lakini hizo ni ghali kujenga na mara nyingi si za bure.

Liko jambo moja zaidi, na ndilo chanzo cha nusu ya ugomvi wote. Batri haijai kwa mwendo mmoja. Fikirini bidoni yenye shingo nyembamba: mwanzoni unafungua bomba lote, maji yanaingia kwa kishindo, ikikaribia kujaa unapunguza, unamimina kidogo kidogo ili yasimwagike. Gari nalo linapofika asilimia 80 linapunguza lenyewe mwendo wa kupokea umeme, ili batri isiharibike. Katika mashine kubwa, asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua karibu muda ule ule uliotumika kwa zote zilizotangulia. Mtu anayeng'ang'ania kujaza mpaka 100 wakati wengine wanangoja nyuma yake anajiongezea kidogo, na anawanyima wenzake mara moja nzima ya kujaza.

Sasa twende Oslo, mji mkuu wa Norwei. Tangu miaka ya 1990 serikali ya nchi hiyo iliamua kuwavuta watu waache magari ya esensi na mazuti. Iliondoa kodi kubwa za kununua gari la umeme. Iliwaruhusu wenye magari hayo kupita kwenye barabara za kulipia bila kulipa, kuegesha bure kwenye maegesho ya manispaa, na baadaye kupita kwenye njia za mabasi. Kuanzia mwaka 2008 jiji la Oslo lilianza kusimika mamia ya mashine za kuchajia kandokando ya barabara. Umeme wake ulikuwa bure.

Wakati magari ya umeme yalipokuwa machache, mpango huo ulikuwa kama Krismasi. Mtu alifika, alichomeka waya, akaenda kazini. Lakini bei nzuri inavuta watu, na watu walikuja. Kufika mwaka 2020 zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Norwei yalikuwa ya umeme peke yake, nchi ya kwanza duniani kufika hapo. Mwaka 2024 yalikuwa karibu tisa kati ya kumi. Mashine za barabarani ziliongezeka pia, ila si kwa mwendo huo. Mwaka 2017 lilitokea jambo la ajabu: chama cha wenye magari ya umeme cha Norwei, ambacho kazi yake ni kuwashawishi watu wanunue magari hayo, kiliwashauri wakazi wa Oslo wasinunue kama hawana mahali pa kuchajia nyumbani. Ni kama muuza mkate asimame mlangoni awaambie wateja wapite.

Kwa nini mashine hazikutosha? Jibu la haraka ni kwamba magari yalikuwa mengi. Ni kweli, lakini halitoshi. Katikati ya mji kama Oslo, mahali pa kuegesha gari ni ghali sana. Sasa ukimpa mtu nafasi ya kuegesha bure na umeme bure juu yake, haji tena kwa sababu batri yake iko chini. Anakuja kwa sababu ya nafasi. Anafika asubuhi na batri iliyokwisha kujaa robo tatu, anachomeka waya, na anarudi jioni. Batri ilijaa saa nne kabla ya mchana. Saa zote zilizobaki gari linakalia mashine bila kupokea hata tone. Na anayehitaji kweli, yule aliyebakiza asilimia 10, anazunguka mtaa mara ya tatu akitafuta.

Kumbe kilichopungua sana si umeme. Kilichopungua ni nafasi mbele ya waya. Tukumbuke hilo, kwa sababu vikundi vyetu vimekuwa vikihesabu umeme tu.

Jambo kama hilo lilitokea pia kwenye njia za mabasi. Magari ya umeme yaliruhusiwa kupita humo, yakawa mengi mpaka mabasi yenyewe yakakwama nyuma yao, na madereva wa mabasi wakalalamika. Mwaka 2015 wakuu waliweka sharti kwenye barabara moja kubwa inayoingia Oslo: saa za msongamano, gari la umeme lipite njia ya basi ikiwa lina angalau mtu mwingine zaidi ya dereva. Mama anayepanda basi ndiye aliyekuwa amelipa gharama ya zawadi ya mwenye gari.

Na nani anaumia kwenye mstari wa kuchaji? Mwenye nyumba yake na uwanja wake huchajia nyumbani usiku, amelala. Hajui habari za mstari, isipokuwa akisafiri. Anayetegemea mashine ya barabarani ni mpangaji wa gorofa, na ndugu zetu wengi waliohamia huko ni wapangaji wa gorofa. Ni yule anayefanya kazi ya zamu, anayehudumia wazee au kusafisha ofisi, anayetoka kazini saa tano za usiku.

Mama mmoja wa chama chetu ana binti huko, anayefanya kazi katika nyumba ya wazee. Binti alimtumia mama yake sauti kwenye simu, naye akatusikilizisha. «Mama,» anasema, «nimesimama hapa na watoto wawili nyuma, mmoja amelala, mwingine analia njaa. Gari lililo mbele yangu limejaa tangu muda mrefu, taa yake ni ya kijani. Mwenyewe hayupo. Siwezi kuchomoa waya wake, umefungwa.» Mama yake alimjibu kama mama yeyote wa hapa angejibu: «Binti yangu, kwa nini usimwite mwenyewe?» Binti akacheka: «Nimwiteje, Mama? Simjui jina, simjui sura, hakuacha namba.»

Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya mashine ya umeme na bomba letu la maji. Bombani kuna mstari unaoonekana. Bidoni yako ikiwa ya sita, kila mtu anaona ni ya sita, hata kama wewe umekwenda kuangalia mboga jikoni. Jirani yako atakuambia «Mama Fulani, yako imefika», au ataisogeza mwenyewe. Kwenye maegesho ya magari hakuna kitu kama hicho. Gari linalongoja na gari lililosimama tu yanafanana. Aliyefika kwanza anazunguka kutafuta, aliyefika baadaye anabahatika kuwa karibu na nafasi inayofunguka, anaingia. Yule wa kwanza anapiga honi. Wa pili anasema hakuona mstari, na kwa kweli mstari haukuwapo. Watu wamerushiana maneno makali kwa ajili hiyo katika nchi nyingi, watu wenye elimu na mishahara.

Kwa hiyo wenye magari hayo wamejitungia adabu zao, polepole, bila mtu kuwaandikia. Ya kwanza ni kuacha karatasi nyuma ya kioo: namba ya simu, saa uliyofika, saa utakayorudi. Wengine huongeza kwamba «ukiona limejaa na una haraka, nipigie». Karatasi hiyo peke yake imezuia ugomvi mwingi, maana inamrudisha mwenye gari pale, hata kama mwili wake uko mbali. Adabu nyingine ni kutogusa waya wa mtu bila ruhusa. Magari mengi siku hizi yanafunga waya, lakini hata pale unapochomoka, mwenye gari anaweza kuwa anahitaji kilomita kumi zaidi ili afike kwake, na wewe hujui. Tena ipo adabu ya asilimia 80: kama wengine wanangoja kwenye mashine kubwa, ukifika hapo unatoka. Na ile ya kuviringisha waya na kuuning'iniza mahali pake, usiuache umelala kwenye matope au theluji ambapo mwenzako ataushika kwa mikono mitupu. Hii ya mwisho inaonekana ndogo, lakini waya wa mashine kubwa ni mzito na mgumu, na mwanamke aliyembeba mtoto anajua tofauti.

Kuna moja ambayo hawajakubaliana mpaka leo. Yako magari yenye vyote viwili, esensi na batri ndogo. Je, hayo yana haki sawa ya kuchaji bure? Mwenye gari la umeme tupu anasema: wewe una esensi, utafika nyumbani, mimi nitalala njiani. Mwenye gari la mchanganyiko anasema: mashine ni ya wote, na mimi nimefika kwanza. Kwa maoni yetu wa kwanza ana haki zaidi, kama vile bombani tunavyompisha mwenye mgonjwa nyumbani. Lakini hatuwezi kusema wa pili ni mwizi.

Kuna na wale wasio na adabu kabisa: mwenye gari la esensi anayeegesha mbele ya mashine kwa sababu nafasi ni nzuri. Katika jimbo la California huko Marekani, sheria inakataza kuegesha kwenye nafasi ya kuchajia gari ambalo halichaji. Adabu ilishindwa, sheria ikaingia.

Baridi nayo huongeza mstari. Batri iliyopoa inapokea umeme taratibu na inaisha haraka, hivyo kila gari linakaa muda mrefu zaidi na linarudi mapema zaidi. Mwezi wa Januari 2024, mji wa Chicago ulipopatwa na baridi kali, magari yalijazana kwenye vituo vya kuchaji, mengine yakazimika pale pale kwenye mstari, watu wakasubiri kwa saa nyingi. Norwei ina baridi ya kila mwaka, lakini wengi huko wanachajia nyumbani usiku, na hilo limewaokoa. Mistari yao mirefu huja wakati wa Pasaka, wanapoondoka wote pamoja kwenda milimani. Hata sisi tunajua: bomba lile lile linalotosha siku za kawaida halitoshi siku ya kilio au ya ndoa.

Twende sasa kwenye pesa, maana ndiko vikundi vyetu vilikouliza.

Mwaka 2019 jiji la Oslo lilianza kulipisha kuchaji kwenye mashine zake za barabarani. Watu walinung'unika, kama watu wote wanaonyang'anywa bure. Lakini aliyekuwa anakuja kwa ajili ya nafasi tu alianza kufikiri mara mbili. Uingereza ilifika huko baadaye: maduka ya Tesco, ambayo yaliwaachia wateja wachaji bure wanaponunua chakula, yaliacha bure hiyo tarehe 1 Novemba 2022, wakati bei ya umeme ilipokuwa imepanda sana Ulaya nzima.

Kampuni ya Tesla ya Marekani ilichukua njia nyingine, na kwetu sisi hii ndiyo ya kutazama kwa makini. Ilifungua vituo vyake sita vya kwanza vya kuchaji haraka huko California mnamo Septemba 2012, na wanunuzi wa gari lake la Model S waliahidiwa umeme wa bure kwenye vituo hivyo. Magari yakaongezeka, mistari ikaja. Mwezi wa Desemba 2016 kampuni iliweka malipo mapya, lakini haikulipisha umeme kwa wale walioahidiwa bure. Ililipisha kukaa. Gari likishajaa, mwenye gari anapata ujumbe kwenye simu. Ana dakika tano za kuliondoa. Akichelewa, analipa senti 40 za dola kwa kila dakika, ambayo ni dola 24 kwa saa. Baadaye malipo hayo yalipandishwa mpaka kufikia dola moja kwa dakika kituo kikiwa kimejaa kabisa. Kituo kikiwa kitupu, hulipi kitu, kwa sababu hakuna unayemzuia.

Ahadi ya bure ilibaki ahadi. Kilichotozwa ni kile kinachomwumiza mwenzako, yaani kukalia nafasi baada ya haja yako kwisha. Tena kilitozwa pale tu ambapo mwenzako yupo anangoja. Tunaona huu ni utaratibu wenye haki kuliko kulipisha wote sawa, kwa sababu malipo sawa hayamgusi mwenye nacho na yanamfukuza asiye nacho. Lakini usifikiri hauna kasoro. Tajiri anaweza kuamua kwamba dola 24 si kitu, akamaliza chakula chake hotelini wakati wewe unangoja. Mlinzi wa bomba mwenye ulimi mkali hana kasoro hiyo: kwake hata mke wa mkubwa anasogeza bidoni.

Kabla hatujarudi kwetu, neno moja la pembeni. Batri nyingi za magari hayo zina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Upande wa Kolwezi kuna akina mama wanaoosha na kuchagua mawe hayo kwa mikono, na jioni wanalipa ili kuchaji simu. Siku hizi zipo pia batri zisizo na kobalti, lakini nyingi bado zinayo. Hatusemi hivyo ili kuwalaumu watoto wetu walio Oslo. Tunasema ili mama anayeuliza «habari za magari ya Wazungu zinanihusu nini?» ajue kwamba yeye yumo ndani ya habari hiyo tangu mwanzo.

Sasa vikundi vyetu. Tuanze na hesabu, maana kikundi kilichofunga mlango kilikuwa hakijaifanya. Plaki ya wati 100, kwa saa tano za jua kali, inatoa wati-saa 500. Sehemu inapotea ndani ya batri na kwenye kifaa cha kugeuza umeme; hesabu kwamba zinabaki 350 hivi. Simu kubwa ya kisasa inakula kama 25 mpaka ijae, tukihesabu na upotevu wa chaja. Basi plaki moja inajaza simu kubwa 14 kwa siku ya jua. Siku ya mawingu, gawanya kwa mbili au tatu. Simu ndogo ya kitochi inakula 5 hivi, hivyo simu moja kubwa inakula sehemu ya simu tano za kitochi. Kwa kulinganisha tu: plaki hiyo moja ingehitaji zaidi ya miezi mitano kujaza gari moja la Oslo.

Kikundi kilikuwa kinapokea simu arobaini kwa siku juu ya plaki mbili, kubwa na ndogo mchanganyiko, kila mtu akiacha yake tangu asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana saa nane mchana hakukuwa na prizi hata moja huru, ingawa simu nusu zilikuwa zimejaa zamani. Ni Oslo ile ile, katika chumba cha mita nne.

Wa kwanza wa kusaidia hapo si mweka hazina, ni mama mmoja wa zamu mwenye kaye. Kila simu inayoingia iandikwe: jina la mwenyewe, namba ya jirani wa kumwita, saa ya kuingia, na batri ilikuwa asilimia ngapi. Namba ya jirani ni muhimu, kwa sababu simu yake mwenyewe ndiyo hiyo iko mezani. Mama wa zamu azipitie simu kila nusu saa. Iliyofika 80 ichomolewe, iwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, prizi ipewe mwingine. Sisi tuna faida ambayo wenye magari hawana: simu tunaweza kuisogeza wenyewe. Mwenyewe awe amekubali hivyo tangu siku ya kwanza, mbele ya wote, ili kesho asije kusema simu yake imeguswa.

Aliye chini ya asilimia 20 atangulie aliye na 60, hata kama alifika baadaye. Mwenye mgonjwa au mjamzito wa karibu kujifungua atangulie wote. Mwenye simu mbili achaji moja, arudi mstarini na ya pili. Na wenye vibanda wanaoleta simu za wateja wao zikiwa zimefungwa kwenye mfuko, ili wachaji bure kwetu na kulipwa kwao, hao waambiwe hapana kwa upole na bila kurudia. Tumesikia wapo.

Kuhusu franka: umeme wenyewe ubaki bure kwa simu moja kwa siku, kama ilivyotangazwa. Simu iliyokaa sandukuni kupita saa kumi jioni ilipe kidogo, kiasi ambacho mkutano utapanga, na pesa hiyo iingie kwenye bahasha ya batri, mbali na pesa za AVEC, iandikwe katika kaye yake. Batri haidumu milele. Ikiisha, hakuna aliyetoa plaki atakayerudi kuleta nyingine, na bei yake si ya kuchangisha kwa siku moja. Kikundi kinachoona haya kuomba hata hiyo kinaweza kuomba kazi badala ya pesa: aliyechelewa afagie chumba kesho yake.

La mwisho ni la batri zile za zamani za risasi, kama za gari, ambazo vikundi vingi vimepewa. Hizo zinaharibika upesi zikikamuliwa chini ya nusu. Kwa hiyo jua likizama, mama wa zamu asiangalie nani bado anabisha mlango. Aangalie taa ya kifaa kinacholinda batri. Ikionyesha nusu, achomoe ralonji, afunge kaye, na ambaye hakufikiwa aandikwe wa kwanza wa kesho asubuhi.